Saini ya Pili

Kitinda alianguka mtihani wa vitendo kwa neno moja: "Sawa."

Vingine vyote alikuwa navyo. Umri uliotakiwa ulikuwa umetimia, kozi ameimaliza, na mtihani wa kuandika aliupita kwa alama zilizomfanya mkufunzi wake asahihishe upya, kuhakikisha. Kazi aliyoisomea ni ya mtu asiyeruka. Hukaa chini, ofisini, akapanga safari ya ndege kabla haijaondoka: hali ya hewa, uzito, mafuta, njia. Kisha huifuatilia mpaka itue. Nyumbani waliiita udispacha, kwa sababu jina rasmi, mpangaji wa safari, lilimfanya jirani aulize anahamia nyumba gani.

Siku ya mtihani, mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Ndiye aliyeigiza rubani. Kiwanja cha kwenda kilikuwa kimetabiriwa ukungu, kwa hiyo Kitinda akapanga mafuta ya kufika, mafuta ya kuendelea hadi kiwanja mbadala iwapo cha kwanza kitafunikwa, na akiba juu yake. Mkaguzi akaisukuma karatasi.

"Mwanangu, kiwanja hicho nimetua tangu hujazaliwa. Ondoa mbadala, punguza mafuta, tuongeze mizigo."

"Sawa, kapteni," Kitinda alisema. Akafuta, akatia saini.

Mkaguzi alivaa miwani, akaitazama saini ile kwa muda.

"Hesabu zako safi," alisema. "Lakini ndege haiondoki mpaka watu wawili wakubali, rubani na wewe. Leo amekubali rubani peke yake, wewe umemwazima mkono tu. Rudi ukafanye mazoezi."

Marudio yaliruhusiwa. Ofisi ya uwanja wa ndege iliyotaka kumwajiri ilikubali kumshikia nafasi hadi hapo, na ilisema wazi kwamba haitangoja zaidi.

Tatizo lilijulikana lilikotoka. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na wanafunzi walimwita Kengele kwa sababu hakuwahi kuchelewa wala kurudia amri. Katika nyumba yake watoto walijibu "ndiyo, baba" kabla swali halijafika mwisho. Kitinda, aliyezaliwa wa mwisho, alilijua somo hilo kuliko wote.

"Faida ya malezi bora hiyo," mama alisema huku akiosha vyombo. "Umelea mtoto hajui kukataa. Sasa serikali inamtaka awakatalie marubani."

Kengele aliondoka kwenda kutafuta kofia. Kesho yake jioni alikaa mezani akiwa amevaa kofia, akapanga vikombe kuwa viwanja na kopo la sukari kuwa mlima.

"Mimi ni kapteni," alitangaza. "Tunaondoka bila mbadala."

"Hapana, kapteni. Utabiri unaonyesha ukungu saa ya kutua, na—"

"Vizuri sana! Kaa chini."

"Rubani gani huyo anayegawa maksi?" mama aliuliza.

"Nyamaza wewe, abiria."

Waliendelea hivyo kila jioni. Kengele alijitahidi kuwa mkali, akagonga meza, hata akamwita binti yake kenge. Lakini kila akikataliwa uso wake uling'aa, na mazoezi yakaharibika hapo hapo. Mama alilitaja jambo lenyewe bila kugeuka: "Anamkatalia kapteni wa sukari. Kumkatalia baba yake, bado."

Alasiri ya mwisho kabla ya marudio, simu iliita. Dada yake Kengele, aliyekuwa amepasuliwa jicho, ameruhusiwa kutoka hospitali. Kengele akavaa koti na kuchukua ufunguo wa pikipiki.

"Naenda kumwona shangazi yenu. Nitarudi leo leo, kesho nimpeleke huyu kwenye mtihani wake."

"Sawa, ba—" Kitinda alisema, akakomea hapo.

Mawingu yalikuwa yamejaa upande ule ule barabara ya kwa shangazi ilikoelekea. Tairi la nyuma lilikuwa kipara. Taa ya mbele ilikuwa imekufa, na aliyelalamika kuhusu hiyo taa ni Kengele mwenyewe. Kitinda aliinuka, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Kengele alijibu kwa mazoea, ingawa walikuwa wameamkiana asubuhi. "Nipishe."

"Hapana, baba. Huendi."

Mama alifunga bomba.

"Unasemaje?" Kengele aliuliza.

"Tairi limeisha. Ukirudi ni giza, na taa huna. Mvua ikinyesha kule juu, daraja linafunikwa na maji. Ukilikuta limefunikwa, unalala wapi? Hakuna nyumba hata moja njia nzima."

"Njia hiyo nimeipita tangu hujazaliwa!"

Kitinda aliitambua sentensi hiyo. Alishusha pumzi.

"Najua, baba. Kuna basi asubuhi. Nitakusindikiza mpaka kituoni, mtihani nitaenda mwenyewe. Naomba ufunguo."

Hapakuwa na mchezo katika uso wa Kengele. Alikuwa amekasirika kama alivyowakasirikia wanafunzi wachache sana maishani mwake. Akautupa ufunguo mezani, ukagonga kopo la sukari, akatoka kukaa kibarazani.

Mvua haikunyesha. Mawingu yalisogea, jua likachwa katika anga nyeupe, barabara ikabaki na vumbi lake. Kitinda alimpelekea baba yake chai, akasimama na sinia mkononi.

"Haikunyesha," Kengele alisema.

"Haikunyesha."

"Ningekuwa nimeshafika, ninacheka na dada yangu."

"Pengine. Lakini kwa tuliyoyajua saa ile, ningekataa tena."

Kengele alikunywa chai taratibu. Alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi, na alijua tofauti ya jibu lililopatikana kwa bahati na jibu lililopatikana kwa njia.

"Ni sahihi," alisema mwishowe, akiutazama ua. Kisha, kwa sauti ndogo: "Keti, mama. Chai inapoa."

Asubuhi walikwenda kituoni pamoja. Kengele alibeba mkoba wa binti yake, naye Kitinda akabeba kapu la shangazi. Basi lilipoondoka, Kitinda alivuka barabara kwenda kwenye mtihani.

Alimpigia simu mchana.

"Nimepita, baba."

Kikohozi, na sauti ya mtu anayetafuta leso. "Mkaguzi alishikilia?"

"Mara tatu. Akasema ataniripoti kwa wakubwa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwamkia kwanza. Halafu nikamwambia ndege haiondoki."

"Alikasirika?"

"Aliigiza vizuri."

"Kunishinda mimi?"

"Wewe hakukufikia, baba."

Kengele alicheka mpaka shangazi, aliyekuwa karibu na simu, akauliza kuna nini. Alipotulia, alisema kwa sauti ya ofisini:

"Sasa sikiliza. Basi la kurudi lipo jioni, lakini huku mawingu yamefunga na dada yangu ameshatandika kitanda. Naona nilale, nije kesho. Mimi nimekubali. Nangoja saini yako."