Fundi Anayetajwa na Mafundi

Mfuko wetu wa ruzuku ni mdogo, na mimi ndiye mwenyekiti wake. Kila mwaka wafanyabiashara wa soko letu huchanga, fundi mmoja ananunuliwa kifaa cha kazi, basi. Waombaji hawakosekani. Kila mmoja huja amevaa nguo ya kutokea na kumwaga sifa zake, mpaka ukadhani mji huu hauna hata kiti kibovu. Mimi sibabaishwi na maneno. Nina swali moja tu: "Kazi ikikushinda, unampelekea nani?"

Mwaka huu mshona mapazia alijibu, "Nampelekea Sponji." Mshona mabegi naye akasema Sponji. Fundi viatu, mbishi asiyemsifu hata mama yake mzazi, alijikuna kichwa akasema, "Labda Sponji." Na huyo Sponji hakuwa ameomba chochote.

Nikamfuata. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, vumbi la unga mpaka mlangoni. Nilimkuta mwanamke amepiga magoti mbele ya kochi, anashona ngozi kwa mkono, vidole vimejaa plasta. Alipogeuka nusura nicheke. Kumbe Sponji ni jina la utani la wifi yangu, aliyeondoka kwa kaka yangu na sanduku lake la nguo akahamia upande huu wa mji.

"Karibu, wifi," alisema, kama vile tuliagana jana. "Usikalie hicho, gundi haijakauka."

Cherehani yake ya ngozi ilikuwa imekufa. Kwa mkono, kochi moja lilimla wiki nzima, na wateja walishaanza kuhama. Mwisho wa mwezi angefunga kibanda.

"Kwa nini hukuomba?"

"Mfuko wa wifi yangu? Watu wangesema nini?"

Kweli, kanuni yetu inasema ndugu wa mwanakamati hapati kitu. Niliitunga mwenyewe, na kwa kanuni hiyohiyo nilikuwa nimemkataa kaka, muuza makochi, akaninunia. Kwa hiyo niliieleza kamati kila kitu. Katibu wetu, mwalimu mstaafu, akauliza, "Kaka yako si anasema alishamwacha?"

"Anasema kila kikao cha familia."

"Basi si ndugu. Aje."

Kaka akazipata habari. Siku ya kuamua aliingia ofisini bila hata hodi, wifi akiwa ameketi palepale anasubiri.

"Kanuni ni kanuni," alisema. "Mimi mmenikataa kwa undugu. Na huyu je? Huyu ni wifi yako, mdogo wangu. Huyu ni mke wangu."

Nilifungua mdomo nimpe vidonge vyake, lakini wifi alinigusa mkono, akasimama.

"Sawa, mume wangu," alisema taratibu. "Kama mimi ni mkeo, najitoa sasa hivi. Kibanda nafunga, na jioni nakuja nyumbani na sanduku langu. Waambie tu hawa wasikie."

Kaka alitazama viatu vyake. Akamtazama mwalimu, kisha akanitazama mimi, kama alivyozoea akibanwa. Safari hii sikuwa na la kumsaidia.

"Tuliachana," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Andika hivyo, mwalimu," nilisema.

Mimi sikupiga kura, nisije nikasemwa na watu. Waliobaki walinyoosha mikono wote, na kaka akaondoka bila kuaga. Nilifurahi, sifichi. Nilimsindikiza wifi mpaka nje, kifua mbele.

"Kochi langu la sebuleni limebonyea," nilimwambia. "Cherehani ikifika, anza na langu. Na unipunguzie, wifi."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na plasta zake. Alikuwa anatabasamu, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Lilete, mwenyekiti," alisema. "Bei ni ileile ya wateja wote."