Mwenye Akaunti

Doreen Kubiak alifungua bili kwa kisu cha siagi, akaitandaza juu ya meza ya jikoni na kuiwekea kichupa cha chumvi isijikunje. Ilikuwa Jumanne ya pili ya Februari, mjini Erie, na theluji iletwayo na upepo wa ziwani ilikuwa imefika usawa wa dirisha. Bili ilikuwa ya televisheni, intaneti na simu ya nyumbani, vyote vikiletwa na waya mmoja. Ilikuwa na kurasa nne. Alizisoma zote kwa kidole, kwa sababu bei inayotangazwa hukaa ukurasa wa kwanza na bei yenyewe hukaa ukurasa wa tatu.

Jumla ilikuwa dola mia mbili na kumi na nne. Kando yake, bado ndani ya bahasha, ilikuwepo bili ya gesi ya kupasha nyumba joto. Baada ya chakula, pensheni ilitosha kulipa moja kati ya hizo mbili. Doreen alikwisha kuamua: gesi ibaki, waya ukatwe. Akapiga simu.

“Samahani, mama,” alisema msichana wa huduma kwa wateja. “Akaunti ni ya bwana Leonard Kubiak. Mwenye akaunti ndiye pekee anayeweza kuifunga.”

“Leonard ni mume wangu. Alifariki Machi mwaka juzi.”

“Pole sana, mama. Anaweza kutupigia akipata nafasi?”

Doreen alieleza kwamba cheti cha kifo alikwisha kukituma mara tatu, mara moja kwa faksi ya maktaba. Msichana aliangalia, akakiona. Kilikuwa kimefika salama mara zote tatu, na kampuni ilikuwa imemwandikia Leonard barua ya kumshukuru kwa kukituma.

“Naweza kumwekea nafasi na kitengo cha kufunga akaunti,” alisema msichana. “Alhamisi, kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana. Ila awepo mwenyewe.”

“Nitamwambia,” alisema Doreen.

Jumatano aliendesha gari hadi makaburini, akasimama kwenye theluji mbele ya jiwe la Leonard na kumtajia siku na saa. Alizitaja mara mbili. Leonard alikuwa msoma mita za maji za jiji kwa miaka thelathini na mmoja, na hakupenda kupewa saa za kukisia.

Alhamisi, saa nne na dakika ishirini, Leonard aliingia kwa mlango wa jikoni. Alipangusa viatu kwenye mkeka, kimoja kimoja, kisha akakaa kwenye kiti chake. Alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyozikwa nayo. Mgongoni ilikuwa imepasuliwa kutoka kwenye ukosi hadi chini, kama watu wa mazishi wanavyofanya ili nguo iingie kwa urahisi. Doreen alileta pini sita na kuifunga.

“Hawa watu wangeniambia wataipasua, ningekwambia unizike na sweta,” alisema Leonard.

“Sweta lile lina tundu kwenye kiwiko, mzee.”

“Nani angeliona?”

Aliomba miwani. Miwani yake Doreen alikwisha kuitoa kanisani, walipokuwa wakikusanyia watu wasio na uwezo, kwa hiyo akampa ya kwake, yenye fremu ya zambarau. Leonard aliivaa, akavuta bili, akapiga namba na kuweka simu kwenye spika. Sauti ya mashine ilimshukuru kwa uvumilivu wake, kisha muziki wa kinanda wa kusubirisha wateja ukaanza.

Mtaani hapo kila nyumba ilipiga simu hiyo mara moja kwa mwaka. Mtu alisema anataka kukata huduma, bila nia ya kukata, na kampuni ikampunguzia bei, bila nia ya kuiacha ibaki chini. Wengi walipiga kelele, na waliopiga kelele walipunguziwa dola tano. Leonard hakuwahi kupandisha sauti. Alijifunza mwenyewe, mwaka hadi mwaka, kwamba anayepokea simu si yule aliyeweka bei. Alimwita mtu kwa jina lake, akauliza swali moja kwa wakati mmoja, na baada ya kuuliza alinyamaza mpaka ajibiwe. Kimya cha Leonard kilijulikana hadi barabara ya tatu. Watu walimletea bili zao kama wanavyompelekea fundi saa zilizosimama.

Kinanda kiliendelea. Leonard, ambaye hakupenda kukaa bure, alishuka kwenye chumba cha chini ya ardhi akabadilisha kichujio cha mtambo wa joto, akapanda, akakaza bomba la sinki lililokuwa likidondosha maji. Kisha akapiga magoti mbele ya kisanduku cha intaneti na kutazama taa zake za kijani.

“Kimewahi kuzima?”

“Hata siku moja. Desemba nguzo mbili za umeme zililala barabarani. Umeme uliporudi, chenyewe kilikuwa tayari kabla ya friji.”

“Huwezi kuwanyima sifa yao,” alisema Leonard kwa heshima. “Aliyevuta waya huu alikuwa fundi. Tazama alivyoupinda pembeni, hakuuvunja. Kazi yao haina kasoro. Bili yao tu ndiyo haina adabu.”

Doreen alimwekea kahawa. Hakuinywa, ila alishika kikombe kwa mikono yote miwili, na kahawa ikapoa haraka. Alimpa habari za Gail, binti yao, aliyehamia Arizona na sasa analalamika joto. Leonard alicheka. Doreen alikuwa hajasikia kicheko hicho kwa karibu miaka miwili, na alisimama akageukia sinki kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Mlango uligongwa mara moja na kufunguka. Alikuwa Lorraine Hruska, jirani wa upande wa kushoto, amekuja kurudisha bakuli la kuokea. Naye alikuwa mjane. Stan wake alifariki mwaka mmoja kabla ya Leonard.

“Len!” alisema. “Umekonda.”

“Ningenenepea wapi, Lorraine?”

“Na hiyo miwani, umependeza kama shangazi yangu. Basi, ukimaliza na wezi hao uniangalizie na bili yangu.”

“Si wezi,” alisema Leonard. “Mwizi hakuachii orodha ya alivyochukua.”

Lorraine aliweka bakuli, akabaki kidogo mlangoni akiwatazama wote wawili, kisha akaenda.

Saa tano na nusu kinanda kilikatika. Kijana mmoja alisema anaitwa Darnell. Aliuliza tarakimu nne za mwisho za namba ya akaunti, kisha jina la mnyama wa kwanza kufugwa na mwenye akaunti.

“Pickles,” alisema Leonard. “Alikuwa sungura.”

“Asante, bwana Kubiak. Tumefurahi kukupata.”

“Darnell, nina bili yako mbele yangu. Ukurasa wa tatu, mstari wa saba. Ada ya mwenye akaunti kutopatikana, dola sita na senti hamsini kila mwezi. Ni ya nini?”

Leonard akanyamaza. Kijana alisikika akibonyeza vitufe.

“Ni kwa sababu hukupatikana, bwana.”

“Nilikuwa nimekufa.”

“Ndiyo, nakuona hapa. Pameandikwa ‘amefariki’, tarehe tisa Machi. Ada imeanza tarehe kumi.”

“Kwa hiyo mlijua.”

“Mfumo ulijua, bwana. Mimi nimejua sasa hivi.”

“Nakuamini,” alisema Leonard. “Unaweza kuiondoa?”

“Naweza kukurudishia ya leo. Leo umepatikana. Ni senti ishirini na moja.”

Leonard alishukuru na kuandika pembeni mwa bili: Darnell, senti 21. Kijana akaeleza yaliyobaki. Akaunti ingeweza kufungwa sasa hivi, bila gharama. Au, kwa kuwa bwana Kubiak ni mteja wa muda mrefu, wangeondoa ada ya chaneli za michezo na kushusha jumla hadi dola mia na hamsini na tisa kwa miezi kumi na miwili. Baada ya hapo bei ingepanda tena, isipokuwa mwenye akaunti apige simu mwenyewe.

Leonard alifunika simu kwa kiganja.

“Nikifunga, imekwisha,” alimwambia mkewe. “Gesi utalipa bila shida.”

“Na wewe?”

“Mimi nimefuata simu, bibie. Akaunti ikifungwa, sina cha kunileta.”

“Tukichukua hilo punguzo?”

Leonard alipiga hesabu kichwani. Alijua nyumba hiyo inakula gesi kiasi gani, chumba kwa chumba. “Itabidi ufunge vyumba vya juu na ulale hapa chini mpaka Aprili. Kitanda cha Gail kitaingia karibu na jiko. Nisingependa ulale jikoni kwa ajili yangu, Doreen. Fanya ulivyopanga.”

“Huko juu kuna nini?” alisema Doreen. “Ondoa mkono, nizungumze naye.”

Leonard akaondoa kiganja.

“Darnell, mwanangu, mwakani lazima apige mwenyewe? Haiwezekani nikapiga mimi?”

“Samahani, mama. Lazima awe yeye. Ningependa kukusaidia, lakini sina ruhusa.”

“Usiombe radhi. Tunachukua punguzo. Mwekee nafasi ya mwakani kabisa. Ile ndefu kuliko zote ni ipi?”

“Kuna ya saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Lakini hiyo watu hawaitaki, mama. Unakaa nyumbani siku nzima ukisubiri.”

“Andika hiyo.”

Leonard alimtazama mkewe juu ya fremu za zambarau. Kwa miaka yote ya kupiga simu hizo hakuwahi kupata nafasi nzuri namna ile, naye alikuwa mtu wa kukubali akiona kazi iliyofanywa vizuri.

“Umenishinda,” alisema.

Zilibaki dakika nane. Walizikaa mezani pamoja. Saa sita kamili Leonard alivua miwani, akaikunja, akamrudishia, akatoka kwa mlango ule ule. Pini zilishika vizuri mgongoni mwake mpaka alipopita ua.

Alasiri Lorraine alirudi na bili yake mkononi. Alikuta kiti kitupu na Doreen akiburuta godoro kuliingiza jikoni. Alishika upande wa pili wa godoro, wakaliweka karibu na jiko.

“Alikuja kwa lipi hasa?” aliuliza Lorraine.

“Walimhitaji. Akaunti ni ya jina lake.”

Lorraine alikaa ukingoni mwa godoro. Alikunja bili yake mara mbili, kisha akaikunjua.

“Mimi niliibadilisha wiki ile ile ya mazishi,” alisema. “Stan mwenyewe aliniachia karatasi imejazwa tayari, kubaki kutia sahihi tu. Hakutaka nihangaike nao kwenye simu. Siku moja tu, kila kitu kikawa changu. Nilijisifu kwa kila mtu.”

Doreen alikwenda kuchukua simu, akaileta pamoja na kalamu, akakaa karibu naye.

“Hebu waulize kama wanaweza kuirudisha kwa jina lake,” alisema.

“Watataka ada.”

“Watataka.”

“Kiasi gani?”

“Hawatakwambia mpaka ikifika.”

Lorraine alivaa miwani yake, akapiga namba, akaweka simu kwenye spika. Kinanda kikaanza, na wanawake wawili wakakaa juu ya godoro kusubiri.