Gauni za Anti Suzan

Kila asubuhi Kenyi alilowesha gauni mbili za Anti Suzan na kaptula za watoto, akazianika kwenye kamba ya mbele, pale ambapo kila gari linalopita mtaa wa Gudele lingeziona. Anti na watoto wake sita walikuwa kambini Uganda tangu vita vya Julai. Walimwachia nyumba na kazi moja tu: isionekane tupu. Nyumba ikijulikana tupu, jioni inapata mwenyewe mpya, tena mwenye bunduki.

Kwa hiyo dada mmoja mwenye karatasi za bluu alipogonga geti, Kenyi alimtazama viatu kwanza. Buti. Dada akasema anaitwa Goretti, ametumwa na ofisi inayotaka kujua nchi inahitaji nyumba ngapi, na lazima waanze na watu wangapi wanalala wapi.

Nchi inapigana, wao wanahesabu vitanda! Kenyi aliacha shule darasa la sita, lakini hiyo hesabu aliielewa. Mtu anayeuliza wangapi wanalala anatafuta mahali ambapo hakuna anayelala.

"Wanane," akasema.

Wengine wako shule, akaongeza, wengine soko la Jebel. Goretti akazunguka uwanja bila haraka, Kenyi nyuma yake. Akaangalia kamba. Akaangalia ndala ndogo zilizopangwa mlangoni. Halafu akasimama mbele ya jerikani, moja, ya njano, maji nusu.

"Watu wanane, ndugu yangu. Wanakunywa nini?"

Kenyi akaitazama jerikani. Miezi yote ya kulowesha nguo, na maji hakuyafikiria. Akadanganya kwamba mwenye tangi la maji amechelewa. Goretti akamwambia hiyo ni nyumba ya kumi na moja tangu asubuhi yenye nguo nyingi na jerikani moja.

"Sasa unaandika ngapi?" Kenyi akauliza.

"Unataka niandike ngapi?"

Mtego huo.

"Hii nyumba ni ya watu wanane," Goretti akasema. "Leo wamelala wapi, mimi sijauliza." Akaandika. Kenyi akanyoosha shingo asome, lakini karatasi ilikuwa imeshafunikwa.

Nje, badala ya kwenda kwa jirani, dada akasimama njiani akapiga simu. Simu hiyo haikumpendeza Kenyi hata kidogo. Akakimbia kuazima jerikani tano, akazijaza, akazipanga karibu na geti.

Saa kumi pikapu ikasimama. Mwanaume wa mbele hakushuka. Mkononi alishika karatasi ya bluu.

"Hapa wanalala wangapi?"

"Wanane."

Kidole kikashuka kwenye karatasi, kikakwama. "Nane," akamwambia dereva.

Wakasogea polepole mpaka geti la tatu, kwa Celestino, jirani aliyekimbia bila kuacha mtu. Hapo wakashuka wote.

Kenyi akarudi ndani. Gauni zilikuwa zimekauka. Akafungua jerikani ya kwanza, akazilowesha tena.