Hellen Akataa Kufutwa Jina

Hellen alikuwa na mimba ya pili alipokubali kuingia kwenye utafiti wa vidonge vya kuzuia kifafa cha mimba. Mimba ya kwanza ilimwangusha nyumbani kwake Kamanga, akakakamaa mwili mzima, na alipozinduka mtoto alikuwa ameshazikwa. Sasa kila mwezi alivuka ziwa kwa kivuko kwenda Mwanza kupimwa presha na kuchukua vidonge. Wengine walipewa dozi kubwa, wengine ndogo. Hata nesi hakujua nani kapata ipi.

Shemeji yake Chenge hakulipenda jambo hilo. Shigela, mume wa Hellen, alikuwa Usagara kwenye kazi ya ujenzi, na Chenge, kwa kuwa ndiye kaka mkubwa, akajiona ndiye msemaji wa ukoo. Siku moja akamfuata mpaka kliniki.

"Mfuteni jina," akamwambia nesi Dorcas. "Hatutaki mke wetu afanywe panya wa majaribio."

Dorcas akamgeukia Hellen. "Dada, unaweza kujitoa wakati wowote, na matibabu utaendelea kupata. Unataka kujitoa?"

 Hellen akasimama.

"Sitaki. Shemeji, nakuheshimu. Ila kwenye mimba ile ya kwanza kichwa kiliniuma wiki nzima, mkasema nimelogwa, mkanifukiza majani. Lile nalo lilikuwa jaribio, na hakuna aliyeniuliza. Hapa wameniuliza, nikakubali."

"Shigela atayasikia haya."

"Nimeshamwambia. Na hata angekataa, ningekuja."

Chenge akaondoka bila kuaga.

Mimba ilipofika miezi minane, presha ilipanda. Kwa kuwa alikuwa anapimwa, waliiona mapema, wakamlaza, wakamzalisha kwa upasuaji. Alikuwa mtoto wa kike, mdogo, mwenye kilio cha kusikika wodi nzima.

Aliporudi nyumbani, Chenge alikuja na mkewe Suzana, naye mjamzito.

"Kwa hiyo ulikunywa dozi ipi?" Chenge akauliza.

"Sijui. Watatuambia utafiti ukiisha."

"Na presha ikapanda vilevile. Hujuti?"

"Sijuti. Kama vidonge havikunifaa, nataka walijue hilo kutoka kwangu." Akamgeukia Suzana. "Jumatatu nampeleka mtoto kliniki. Twende wote, ukapimwe."

Suzana akamtazama mumewe, aliyekuwa anaangalia sakafu.

"Tutakwenda," Suzana akamwambia Hellen.