Shemeki Juu ya Kapo

Assumani aliingia uani kwa dada yake na koleo la salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, bado begani, akaiona ile motoka ya Opel imeinua pua juu. Hakuhitaji kuambiwa kwamba injini haimo. Koleo lilimtoka begani lenyewe.

"Hubert! Motere iko wapi?"

"Imetoka!" Hubert alichomoza nyuma ya jiko, mafuta mpaka viwikoni, meno yote nje. "Grand, kaka yangu, nimeitoa peke yangu. Nimeshaituma kwako Kabondo na mkokoteni wa pousse-pousse."

Peke yake! Jamani, kuna watu ukiwaachia kazi unaikuta haijaguswa, na hao wana nafuu. Huyu Hubert, ambaye Assumani alikuwa akifanya naye ufundi miaka yote hii, alikuwa wa aina ile nyingine.

"Asubuhi tulipatana je? Si resori kwanza, kisha motere?"

"Tulipatana. Lakini palan ya misioni ilikuwa na kurudi mbele ya mchana, na watu wao walishasimama hapa mlangoni. Bila palan ya kuinulia, motere haitoke. Alors, ningefanya je?"

Assumani aliokota koleo, akaliegemeza ukutani. Angemlaumu nani? Miaka ile ya Zaire ya chama kimoja, Jumamosi haikuwa ya mtu. Vijana wa chama walimkamata njiani asubuhi na filimbi zao, citoyen huku, citoyen kule, wakampa koleo, naye akashinda mtaroni akizoa tope huku mnene mmoja aliyevaa nguo za chama akimpigia makofi ya kumtia moyo. Makofi! Mtu anakuibia asubuhi yako halafu anakupigia makofi.

Na asubuhi hiyo ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Henri, mume wa dada yake Hadidja, mtu wa mtoni kutoka Isangi, alikuwa amefariki kabla ya mvua. Matanga hayajaisha vizuri, ndugu zake wakaja wakachukua kitanda, wakachukua radio, wakachukua masini ya kushona, ambayo Hadidja alikuja nayo mwenyewe kutoka Kindu akiwa bibi arusi. Kilichobaki kilikuwa gari. Sasa Timothée, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ametuma habari: anapanda na boti Jumamosi hii, analichukua.

Assumani naye alikuwa na Opel kama hiyo nyumbani kwake, mwili safi, motere imekufa na resori za mbele, yale machuma ya kujizungusha yanayobeba gari juu ya magurudumu, zimekatika. Motere ya Henri na resori za Henri zikiingia humo, kesho kutwa ni taksi, na taksi ndiyo chakula cha watoto wa Henri. Zikienda Isangi, basi. Kisangani nzima wakati ule ungetafuta resori mpaka uchoke, ungeuziwa maneno.

Hadidja alitoka jikoni, kitambaa cheusi kichwani. "Kaka, sasa iko mubaya?"

"Iko mubaya." Akachuchumaa, akamwonyesha. "Ile resori imebanwa pale kati, chasi juu, mukono wa chuma chini. Ili itoke, unasukuma mukono na kriki mpaka resori ijikunje, unafungua bulo inayoikaza, kisha unashusha polepole mpaka hasira yake iishe. Lakini kinachokandamiza motoka chini wakati unasukuma, ni uzito wa motere. Sasa motere haiko. Angalia."

Alikuwa na haki ya kuwa na hasira, angalieni wenyewe. Alipampu kriki, jeki ile ya mkono. Resori haikujikunja hata kidogo. Gari zima ndilo lililonyanyuka na kuacha magogo yaliyolishikilia, jepesi kama kikapu kitupu.

"Tufungue tu bulo," alisema Hubert, "halafu tukimbie."

"Ukimbie uende wapi? Mi nimeona resori moja imeruka, imetoboa bati la garage. Na njiani ilipita kwenye taya ya mutu. Yule mutu mpaka leo anakula uji. Unataka uji, Hubert?"

Hubert hakutaka uji. Akapanda juu ya kapo, kile kifuniko cha injini, akakaa. Gari halikumsikia. Hadidja akapanda naye. Lakini tangu msiba alikuwa amekwisha, amebaki nguo tu. Wakashuka, wakainua kapo, wakajaza udongo kwenye magunia wayaweke mahali pa motere. La kwanza likapasuka, la pili likateleza likamwangukia Hubert mguuni, akaruka ua mzima akiita mama yake. Majirani wenye miili walikuwa bado salongo. Assumani aliupiga teke mlango wa gari, akaumia kidole, akaupiga tena kwa sababu ya kile kidole. Machozi ya hasira yakamjia, mtu mzima, mbele ya dada yake.

"Acha, kaka," alisema Hadidja. "Labda Mungu hakupenda."

"Mungu ameingia wapi hapa? Ni palan!"

Hapo ndipo waliposikia mtu akihema mlangoni. Hadidja aliwahi kushusha kapo, bam.

Timothée alikuwa mtu mkubwa. Sisemi mnene tu, nasema mkubwa. Mlango wa ua aliupita kwa ubavu. Aliona magurudumu ya mbele yamefunguliwa yako chini, akaona kriki, akaona mikono ya Hubert.

"Munafanya nini na motoka ya ndugu yangu?"

"Bonjour, shemeki," Hadidja alimwamkia shemeji yake. "Karibu ndani, upumzike."

"Sina shemeki hapa! Vijana wangu wako nyuma wanatafuta kamba. Mpaka wafike, mi ninakaa hapa. Tuone mutu gani ataiba hata bulo moja!"

Akajivuta, akapandisha makalio yake juu ya kapo, akakaa. Gari liliguna. Pua iliyokuwa juu ikarudi chini juu ya magogo, ikatulia.

Assumani aliangalia gari. Akamwangalia dada yake, na Hadidja akayashusha macho haraka, midomo ikimcheza.

"Uko na haki, shemeki," alisema Assumani kwa adabu zote. "Usitoke kabisa. Lakini magurudumu iko chini, na vijana wako watasukuma namna gani? Acha niyashughulikie, niyarudishe."

"Rudisha. Mi sitoke."

Assumani aliingia chini. Kwanza akapitisha mnyororo ndani ya resori na kuufunga kwenye chasi, mara mbili, kwani sasa hakuhofia gari tu, alikuwa na roho ya mtu juu yake. Hata kama ni mwizi wa masini, ni shemeji. Kisha akapampu. Resori ikaanza kujikunja. Wallahi, ilijikunja! Akafungua bulo, akashusha kriki kidogo kidogo, jasho likimwingia machoni, bismillah moja baada ya nyingine, mpaka chuma kikalegea mnyororoni kama mtu aliyesinzia. Hubert akakipokea, kikaingia ndani ya beseni chini ya majani ya mihogo.

Upande wa pili sasa. Timothée alikuwa amekaa upande wa kushoto, kazi ikabaki kulia. Hadidja alitoka na sahani ya lituma ya moto, zile ndizi za kupondwa, na samaki mzima, akaiweka juu ya kapo, mwisho kabisa wa upande wa kulia.

"Hata kama hauna shemeki hapa, tumbo liko," alisema.

Timothée aliiangalia ile sahani muda. Kisha akasogea, na chini yake Assumani akapampu tena.

Alipokuwa analamba vidole, Hadidja alipita mbele yake na lile beseni la majani kichwani, shingo ikitetemeka kwa uzito, na yeye akainua miguu ili ampishe.

Vijana wawili walipofika na kamba, magurudumu yalikuwa yamerudi na magogo yametolewa. Timothée alishuka, akajinyoosha, akageuka. Opel ilikuwa imepiga magoti, pua karibu iguse udongo. Akafungua kapo. Ndani yake, mahali pa motere, zilionekana nyasi za uani.

Uso ulimvimba. Alimgeukia Assumani, akavuta pumzi ya kupiga kelele, kisha macho yake yakawaangukia wale vijana waliosimama na kamba. Angewaambia nini? Kwamba alikuwa hapo? Kwamba vilitolewa chini ya makalio yake mwenyewe, naye akila? Habari hiyo ingefika Yanonge, katikati ya safari, kabla ya boti yake, na Isangi wangekuwa wanamsubiri ufukweni wakicheka.

Alifunga kapo taratibu.

"Fungeni kamba," aliwaambia vijana.

Hadidja alimsogelea kuchukua sahani, akasema kwa sauti ya chini, ya wao wawili tu:

"Na masini yangu ya kushona, shemeki? Utaileta siku gani?"

Timothée aliwatazama vijana wakiinama mbele ya gari.

"Boti ijayo," alisema.