Mama Sufuria na Kiti cha Arusi

Siku ya kuwaaga, nyumba ya Papa Jérémie pale Walikale ilijaa mpaka mbuzi wakakosa pa kupita. Watu walikula sombe ya majani ya muhogo, wakala samaki wa moshi, wakashushia na pombe ya kasiksi, na kila mmoja akaacha agizo lake: huyu viatu, yule manukato, mwingine picha ya mfalme akiwa dirishani, basi. Wasafiri walikuwa watatu: Papa Jérémie, mkewe Emérita, na binti yao Falone. Aliyewaita ni Gustave, mdogo wake Jérémie, anayeishi Bruxelles tangu 2005. Aliwatumia mwaliko, tikiti, na hata makoti, maana alisema jua la kule ni la kuangalia tu, halichomi.

Walipokuwa wanapanda gari la kwenda Bukavu, Mama Joséphine-Marie, dada mkubwa wa hao ndugu wawili, akapaza sauti:

"Mama Sufuria! Kama kule nako munakimbia, safari hii ubebe kitu ya maana!"

Uwanja mzima ukacheka. Emérita naye akacheka. Miaka kumi na mitano inatosha kumfundisha mtu kucheka mahali panapomuuma.

Jina lile lilikuwa na historia yake, na Walikale nzima hakuna asiyeijua. Katika ukoo wa Jérémie kulikuwa na kiti cha miguu mitatu, cheusi kwa mafuta ya mikono ya watu waliokwisha kufa. Binti wa nyumba alipotoka kuolewa, alikalishwa juu yake. Bibi arusi alipoingia, alikalishwa juu yake. Mwanamke aliyekaa pale, walisema, atatulia popote atakapopelekwa. Baada ya arusi kilifungwa ndani ya mkeka na kuning'inizwa juu ya kitanda cha mtoto wa kwanza wa kiume, yaani Jérémie, na hakuna aliyekifungua mpaka arusi nyingine.

Mwaka 2009 risasi zikaanza upande wa soko. Jérémie alikuwa porini kwenye machimbo. Emérita alikuwa na mtoto mgongoni, Falone mkononi, na mkono mmoja tu uliobaki wazi. Akaangalia ule mkeka juu ya kitanda. Akaangalia sufuria. Akachukua sufuria. Wakatembea siku sita, wakapanda milima mpaka kwao Masisi, na kila walichookota njiani kiliiva ndani ya sufuria ile. Nyuma yao nyumba ikateketea na vyote vilivyokuwamo.

Waliporudi, ukoo ulikaa kikao. Joséphine-Marie ndiye aliyetamka: "Munategemea nini? Mwanamuke wa Masisi. Aliacha kiti ya mabibi yetu, akaokoa sufuria." Jina likazaliwa siku hiyo, likakua haraka kuliko watoto. Falone alipoolewa bila kukalishwa, kisha akarudi na valizi yake ya nguo baada ya miaka mitatu, hakukuwa na haja ya mtu kusema kosa ni la nani. Walisema tu hata hivyo.

Sasa Falone alikuwa amepata mchumba mwingine, Viateur wa Bweremana, kijana mpole mwenye mtumbwi wake. Arusi ilipangwa mwezi wa nane. Na Joséphine-Marie alikuwa amekwisha kukata neno: siku hiyo mama mzazi hatamshika binti yake mkono. "Mukono yenye iliacha kiti haiwezi kukalisha binti." Mwingine angemshika. Emérita angekuwa jikoni, na sufuria yake.

Katika ukoo wote, mtu mmoja tu ndiye aliyemtetea. Gustave. Kila kikao alipiga simu kutoka Bruxelles, wakaweka sauti kubwa, na sauti yake ikajaa chumba: "Mumuache shemeji. Woga ni woga. Miye nilishamusamehe, na ninyi mumusamehe." Emérita alilia kila mara. Jumapili kanisani alimtaja Gustave kwa Mungu kabla ya watoto wake mwenyewe. Jérémie, yeye, aliketi pembeni. Aliangalia chini. Mkewe aliamini ni huruma.

Basi wakafika. Gustave aliwapokea kwa mikono miwili, akawatembeza siku tatu mpaka miguu ikavimba. Waliona ule uwanja mkubwa wa zamani, nyumba zimevalishwa dhahabu mpaka kwenye paa, na Jérémie akauliza nani anapandaka kule juu kupangusa. Wakapelekwa kuona sanamu ya mtoto anayekojoa, ambayo watu wanatoka dunia nzima kuipiga picha. Emérita alikunja mikono.

"Shemeji, njo huyu?"

"Njo huyu."

"Tumeacha Walikale, tumekwama ku matope mara mbili, tumepanda ndege mbili, juu ya mutoto mwenye kukojoa? Kwetu wako wangapi!"

"Huyu bazungu wanamushoneaka nguo, shemeji. Iko na kabati nzima."

"Basi bamushonee kaputula yenye kufunga."

Gustave alicheka mpaka akajishika ukuta. Alikuwa mtu wa kupendeza, tusidanganyane. Ndiyo maana yaliyofuata yaliuma vile.

Siku ya nne mvua ilinyesha, nyembamba, isiyojua kuisha. Walikuwa kwenye barabara ndogo ya mawe Emérita aliposema anatafuta choo, na hatafuti kesho. Falone akaona mlango wenye kibao cha makumbusho.

"Papa Gustave, hapa iko musée. Musée ya viti. Wameandika leo ni bure."

"Hapana," Gustave akajibu upesi. "Hapo haina kitu. Viti tu. Twende mbele, iko café moja nzuri."

"Shemeji," Emérita akasema, tayari ameshika mlango, "mukojo haijuake mbele."

Wakaingia. Gustave alibaki nje chini ya mwavuli, akasema anapunga hewa. Hewa gani, katika mvua ile? Lakini mwenye shida ya choo haulizi maswali ya wengine.

Alipotoka chooni aliwakuta mumewe na binti yake ghorofani, wanapita kati ya viti vya maaskofu, vya vinyozi, na kimoja chenye tundu katikati. "Hata choo yao wanaiweka ku musée," akanong'ona, na Falone akaziba mdomo. Kisha Emérita akaacha kutembea.

Ndani ya kioo kulikuwa na kiti cheusi cha miguu mitatu. Lakini hakuona kiti kwanza. Aliona kibati.

Siku aliyoingia kama bibi arusi, walimkalisha, na mguu mmoja ukapasuka. Joséphine-Marie akapiga kelele kwamba kiti kimemkataa mwanamke wa Masisi. Jérémie, wakati huo kijana ambaye mapenzi yalikuwa yamemtoa akili, aliruka, akachukua sufuria mpya aliyokuja nayo mkewe, akakata kipande cha mfuniko, akakizungusha kwenye mguu na kukigongelea misumari mitatu mbele ya watu wote. Wa tatu ukapinda. Arusi ikaendelea. Na sufuria ile ndiyo aliyoibeba mpaka Masisi. Bado iko jikoni kwake, na mfuniko wake una pengo kama jino lililong'oka.

Sasa kibati kilikuwa mbele yake. Misumari mitatu. Wa tatu umepinda.

"Falone. Nisomee ile karatasi."

Falone akainama. "Wanasema... kiti cha arusi. Walikale. Kilinunuliwa 2005." Akapitisha kidole juu ya mwaka ule. "Mama, nyumba yetu iliungua mwaka gani?"

"Unajua. Ulikuwa unalia ku mukono yangu."

Falone akatoa simu, akapiga picha, na kabla mtu hajasema neno akawa ameituma kwenye kundi la familia. Ndivyo vijana walivyo, vidole vinatangulia.

Jérémie akakohoa. "Viti vinafananaka."

"Na mifuniko? Nayo inafananaka?" Emérita akamgeukia. "Musumari ya tatu ilipinda sababu ulikuwa unaniangalia miye, hauangalie nyundo. Angalia tena, Papa Falone."

Hakuangalia. Aliinamia viatu vyake, vile vipya alivyonunuliwa na Gustave. Kwa kuinama kule, kulekule alikokuona kwenye kila kikao, Emérita akaelewa. Haikuwa huruma. Haikuwa huruma hata siku moja.

"Ulijua," akasema.

Mlinzi wa pale, mama mzee mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuwa dirishani. Akagonga kioo, akampungia mtu huko chini, kisha akamwambia Falone maneno kwa Kifaransa, akitabasamu. Falone hakutabasamu.

"Anauliza kama ule Papa wa mwavuli ni wetu. Anasema kila mwaka anakuja. Anakaa pale ku benchi, mbele ya kiti hii, saa nzima. Anauliza leo juu ya nini haingie."

Basi wakamngoja. Gustave alipanda ngazi polepole, maji yanamchuruzika, na alipowaona wamesimama wapi, akafunga mwavuli ambao alikuwa amekwisha kuufunga.

"Shemeji..."

"Sema."

"Nilikuwa kijana. Kule kwetu kulikuwa kufa tu, kila siku kufa. Yaya Jérémie, kaka yangu huyu, njo alinipa. Munafikiri ndege ililipwa na nini? Tulipatana nitakirudisha mbele ya arusi ya kwanza. Vita ikakuya, arusi ikakosa. Nilipokuwa na nguvu ya kukitafuta, nikakikuta hapa. Hapa hawauzake."

"Na ndani ya mukeka? Juu ya kitanda yangu?"

Ni Jérémie aliyejibu, kwa mara ya kwanza. "Kinu. Kile cha zamani, chenye kupasuka."

"Nililala miaka ine chini ya kinu." Emérita alisema taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Kikaungua kinu. Na mukaniacha nibebe kiti, ninyi wawili. Falone akarudi na valizi yake, nikabeba. Wamenikataza mukono ya mutoto wangu, nikabeba."

"Lakini miye nilikuteteaka!" Gustave akalia, na machozi yalikuwa ya kweli. "Kila kikao! Wewe ni shahidi!"

"Haukunitetea. Ulinisamehe. Muntu anasamehe mwenye alikosa. Weye ulinisamehe makosa yako. Na miye mujinga nikakuombea Mungu, Gustave, kila Jumapili, mbele ya batoto yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tupu, bila shemeji, bila Papa. Mlinzi mwenye funguo alirudi nyuma hatua mbili, ingawa hakuelewa neno.

Walirudi kwa tramu, gari la reli la mjini. Simu ndizo zilizoongea. Kundi la familia lilikuwa limewaka, na Falone akasoma kwa sauti, bila kuulizwa.

"Tantine Joséphine-Marie: Mungu wa Gustave ni mukubwa! Amekitafuta mpaka amekiona! Édouard: Kumbe haikuungua, wale bantu waliiba mbele ya kuchoma. Gentille: Gustave njo mwanaume, bengine ni suruali tu." Falone akashusha ukurasa. "Tantine tena: Mama Sufuria aone sasa. Kitu aliacha, shemeji yake amemutafutia. Kama angekibeba siku ile, kingekuwa kwetu."

Emérita hakumwangalia Falone. Alimwangalia Gustave, aliyekuwa ameketi mbele yake na simu yake mkononi, anasoma yaleyale. Alimpa nafasi. Aliona kidole chake gumba kinasimama juu ya kioo, kinangoja, kinangoja. Vituo viwili vikapita. Kisha kidole kikaandika, na simu ya Falone ikalia.

"Papa Gustave," Falone akasoma. "Tumushukuru Mungu. Na kapicha ya mikono miwili ya kuomba."

Jérémie aliangalia nje, kwenye mvua, kama kwamba kuna mtu huko anayemdai jibu.

"Lete simu," Emérita akasema. "Nionyeshe penye kubonyeza ya sauti."

"Shemeji, pole pole," Gustave akaegemea mbele. "Tuongee kwanza ku nyumba. Kitu kama hii... ukoo utapasuka."

"Upasuke tu. Mufuniko yangu ingali na nafasi, tutakata kipande ingine."

Jérémie akanyoosha mkono, si kwa nguvu, akagusa kiwiko chake. "Mama Falone." Emérita akautoa mkono ule na kuurudisha juu ya goti la mwenyewe, kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani.

Akabonyeza. Aliongea kwa sauti ya sokoni, ile ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, mpaka wazungu wa viti vya nyuma wakageuka.

"Hamujambo bote. Ni miye, Mama Sufuria. Yaya Joséphine-Marie, najua uko ku nyumba yangu, sababu njo weye unanichungiaka kuku. Ingia jikoni. Utoe ile sufuria, uilete inje, bantu bote baangalie mufuniko yake. Muone penye ilikatwa. Kisha muangalie tena picha ya kiti, muguu wa mbele, kile kibati. Mumeona? Sasa mumuite Viateur na ba kwao, mutafute kila muntu pa kukaa, sababu miye ninaanza ku mwaka 2005, na sitaruka hata siku moja."