Mlango wa Nyuma

Dereva alimfungulia mkewe, Mama Mapacha, mlango wa nyuma. Mkono ulikwenda wenyewe, maana miaka nenda miaka rudi kazi yake ilikuwa kuwapandisha watalii na kuwafungia mlango taratibu. Mama Mapacha akamtazama, akapanda, akaketi kwenye kiti cha wageni. Gari liliposhika barabara ndipo mumewe alipoona kiti cha mbele kitupu, na akaona haya kusimama ili amhamishie mbele.

Nayo haikuwa siku ya kuchezea. Wiki hiyo Mama Mapacha alianza kukunja nguo zake: anakwenda kuishi kwa binti yao mjini, na hakusema atarudi lini. Hakugomba. Alisema tu kwamba amechoka kula peke yake, na kwamba kabla hajaondoka angependa kuiona hiyo hifadhi iliyomnyang'anya mume. Dereva akaomba ruhusa kazini, akaazima gari la kampuni, akajiapiza kwamba leo mke wake ataona kila kitu.

Hapo ndipo alipoharibu. Redio ya madereva ilipokoroma kwamba simba yuko bwawani, akakanyaga mafuta. Ilipotaja chui, akageuza gari. Kila aliposimama alizima injini akaanza somo: tembo anakula nini, twiga analala vipi, yote kwa ile sauti yake ya kazini, tamu na ya kila mtu. Mama Mapacha alishikilia chuma cha kiti, akameza vumbi, akaitikia "ndiyo" kama mwanafunzi.

"Baba Mapacha," alisema mwishowe, "hao wageni wako huwa unawapumzisha saa ngapi?"

Dereva akazima redio. Wakapanda hadi kwenye kilima kinachotazamana na mlima wa theluji, kumbe mlima nao umejifunika mawingu gubigubi. Dereva aliwajua wageni, wasipoona kilele huondoka wamenuna. Akaegemea kiti asubiri wingu lipite, na uchovu wa miaka yote ukamkamata papo hapo.

Alipozinduka, jua lilikuwa limeshapinduka na wingu liko palepale. Mabegani alikuta mtandio wa mkewe.

"Bado haujafunguka?"

"Ulifunguka wote, mpaka kwenye theluji, kisha ukajifunika tena. Pundamilia wakapita hapa mbele, na watoto wao."

"Sasa mbona hukuniamsha?"

"Wewe mlima unauona kila siku. Mimi kukuona umelala mchana, hata sikumbuki ilikuwa lini."

Dereva, ambaye maneno ndiyo yanayomlisha, alitaka kumwomba asiende. Badala yake akashuka, akazunguka gari, akamfungulia mlango wa nyuma ili anyooshe miguu. Kisha akafungua na wa mbele, akaondoa chupa yake ya chai na koti kitini, akafuta vumbi kwa kiganja, akasimama ameushika mlango.

Mama Mapacha alijinyoosha mgongo, akakitazama kile kiti.

"Nguo nimeshazikunja," alisema.

"Najua."

Akapanda mbele. Dereva akarudi kwenye usukani, asiwashe gari wala redio. Wakakaa wanatazama upande wa mlima, na wingu bado halijaondoka.